KAPU WA NAIVASHA NA SAMAKI WETU WALIOPOTEA



Katika mkutano wa tawi uliopita, tulipokwisha kuzungumza habari za posho ya usiku na za paa za nyumba zinazovuja, mwenzetu mmoja wa gengi la njia alisimama akauliza ni kwa sababu gani tunataka kujaza ukurasa wa karatasi hii kwa habari za samaki. "Sisi ni watu wa reli," alisema, "hatuna hata mashua moja." Watu walicheka, nasi tulicheka pamoja nao. Lakini swali lilikuwa la haki, na mtu aulizaye kwa haki yafaa ajibiwe kwa haki. Basi haya ndiyo majibu yetu.

Sisi twala. Mshahara ukitoka, nyama huonekana jikoni siku chache, lakini ifikapo tarehe ishirini mfanya kazi wa Nakuru hutafuta kitoweo cha bei nafuu, na kwa miaka mingi sasa kitoweo hicho kimekuwa samaki wa Naivasha. Tena reli yetu ya zamani hupita karibu na ziwa lile, kutoka Longonot mpaka Naivasha, kisha huuvuka mto Malewa kabla ya kupanda kwenda Gilgil. Kila kishukacho kwa mto huo kwenda ziwani, kiwe tope au kiwe samaki, hupita chini ya mataruma yetu. Na zaidi ya hayo jamaa zetu wako huko. Ni nyumba chache za reli hapa Nakuru zisizo na shemeji au dada au mdogo wa mtu katika mashamba ya maua ya Naivasha. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga masoko ya Ulaya na wengi wao wakaambiwa warudi nyumbani, walio na nguvu waliingia majini kutafuta riziki kwa nyavu. Kwa hiyo jambo la ziwa ni jambo la mfanya kazi, ajapokuwa hana mashua.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Ukimwendea mama wa samaki na kumwuliza, "Mama, leo una ngege?" mara nyingi atakujibu, "Ngege wamekwisha mapema, mwanangu, chukua kapu." Samaki huyo Wazungu humwita carp, nasi nyumbani kwetu twamwita kapu. Jina limemfaa, kwa maana hujaza kapu upesi. Ni mnene, magamba yake makubwa, ana vindevu viwili viwili pembeni mwa mdomo, na miiba yake midogo ni mingi hata mtu akila usiku taa ikiwa hafifu yafaa asizungumze. Hatumtukani. Amewalisha watoto wetu. Lakini hakuzaliwa hapa, na kuja kwake kumegharimu kitu, nasi twataka wanachama wajue ni kitu gani.

Wengi wetu tulidhani ya kuwa ziwa Naivasha tangu zamani lilijaa ngege, kama ziwa la Kisumu. Sivyo. Ziwa lile lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili aliyeishi humo daima. Alikuwa mdogo, hata kidole cha mtu kilimpita, na macho yake yaling'aa majini kama taa ya ishara ionekanayo kwa mbali. Wataalamu humweka katika jamii iitwayo Aplocheilichthys. Hakuwa kitoweo cha mtu, na labda ndiyo sababu hakuna aliyemtetea. Pamoja naye walikuwako samaki wengine wadogo wa jamii ya Barbus, wakaao katika mito, hasa Malewa, ambao hushuka na kupanda. Hiyo ndiyo mali ya asili ya maji yale.

Kisha watu wakaanza kutia samaki wao. Mwaka 1925 waliletwa ngege kutoka mto Athi. Mwaka 1929 akaletwa samaki wa Marekani aitwaye bass, mla wenzake, kwa ajili ya mabwana waliopenda kuvua kwa fimbo na ndoana siku ya mapumziko. Miaka ya 1950 wakaletwa ngege wa aina nyingine mbili. Uvuvi wa biashara ukaanza mwaka 1959. Na yule mdogo mwenye macho ya taa alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962, tangu hapo hajaonekana tena, na inadhaniwa ya kuwa bass ndiye aliyemmaliza. Mwaka 1970 wakatiwa kamba wekundu, nao pia asili yao Marekani, wakaenea ziwa zima na kula majani ya majini hata sehemu nyingine zikabaki uchi.

Tumeyasoma haya mara mbili tatu, na kila mara twaona jambo lile lile. Kila aliyetia samaki ziwani alikuwa na sababu njema machoni pake: huyu kwa mchezo, huyu kwa biashara, huyu kwa chakula cha watu. Hakuna aliyewauliza watu wa pwani ya ziwa, na hakuna aliyerudi baadaye kuja kulipa. Mfanya kazi aijua desturi hiyo hata bila kusoma habari za samaki.

Ngege na bass wakawa ndio uvuvi wa Naivasha. Mwaka 1970 walivuliwa tani zaidi ya 1,000. Lakini nyavu zilizidi, matundu yakawa madogo, maji ya ziwa yakapungua, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 samaki walikuwa haba kabisa. Mwaka 2001 serikali ikafunga uvuvi kwa muda wa mwaka mmoja ili samaki wapate kupumzika. Wazee watakumbuka njaa ya mwaka ule kule Karagita na Kamere. Na karibu na wakati huo huo, mwaka 2001 na 2002, wavuvi wakaanza kukuta nyavuni samaki wasiyemjua. Alikuwa kapu. Wataalamu wasema alitoka katika mabwawa ya kufugia samaki yaliyo juu, upande wa mto Malewa; mvua ikaja, mabwawa yakafurika, kapu akafuata maji akaja ziwani. Hakuna barua iliyoandikwa, hakuna aliyetia sahihi. Kufikia mwaka 2010, katika kila samaki kumi waliovuliwa Naivasha, tisa au zaidi walikuwa kapu.

Kwa nini alishinda upesi namna hiyo? Mtu wa gengi ataelewa vizuri tukimweleza kwa mfano wa njia. Kapu hali kama ngege. Yeye huinamisha kichwa, hutia mdomo katika tope, hunyonya, hutema, na katika kufanya hivyo hutafuta wadudu na konokono walio chini. Kapu mmoja akichimba si neno. Kapu maelfu wakichimba mchana na usiku ni kama watu wanaochimbua kokoto chini ya mataruma bila kupumzika: njia hulegea yote. Tope huinuka, maji huwa rangi ya chai ya maziwa, jua haliingii tena chini, na majani ya majini hufa kwa kukosa mwanga au hung'olewa mizizi. Majani yakifa, vifaranga wa samaki wengine hawana mahali pa kujificha. Ngege hutengeneza kiota chake chini penye mchanga au tope gumu. Kapu akipita, kiota hakipo. Naye kapu mwenyewe hahitaji kiota. Hubandika mayai yake penye nyasi zilizofunikwa na maji, na jike kubwa laweza kutaga laki nyingi, hata milioni, katika msimu mmoja. Tangu mwaka 2010 maji ya Naivasha yamekuwa yakipanda, yamefunika malisho na hata nyumba za watu kule Kihoto. Kwetu sisi ni msiba. Kwa kapu nyasi hizo zilizozama ni hospitali ya kuzalia.

Twasema haya si kwa kusoma tu. Mvua zilipopungua kidogo, gengi letu lilikuwa likishindilia tuta karibu na Malewa. Saa ya chakula tulishuka mtoni kunawa, tukakuta vijana wanne wamefunga chandarua cha mbu baina ya miti miwili, maji yakipita ndani yake. Ndani ya chandarua mlikuwa na vifaranga vya kapu, na pamoja navyo samaki wadogo wa fedha, wale wa asili ya mto, wamechanganyika wote kama mchele na mawe. Mmoja wetu akawakemea, akawaambia wanamaliza mbegu. Mkubwa wao hakukasirika. Alituangalia, akaangalia koti zetu za kazi, akauliza, "Wazee, mna kazi ya kutupa?" Hatukuwa nayo. Tukanawa, tukarudi juu kwenye tuta, wala katika sisi hapakuwa na mtu aliyeongea mpaka saa ya chakula ikaisha.

Swali la kijana yule ndilo lililotufanya tuandike. Maana wako watu wawili katika jambo hili, na wote wawili tumewasikiliza. Wa kwanza husema: mwondoeni kapu, fungeni ziwa, rudisheni samaki wa asili. Wa pili husema: acheni kapu, ndiye chakula cha maskini, na mtu mwenye njaa haulizi samaki alitoka nchi gani. Sisi twaona kila mmoja ameshika nusu ya neno.

Yule wa kwanza hana budi kuambiwa kwamba samaki wa asili wa ziwa Naivasha, yule mwenye macho ya taa, hatarudi. Amekwisha toka mwaka 1962. Ukiondoa kapu wote leo, kesho hutampata. Na ngege atakayekuja mahali pake naye ni mgeni, hata kama ni mgeni tuliyemzoea. Mwaka 2011 ziwa lilitiwa tena ngege wa Nile, na wavuvi walishukuru, lakini huko si kurudisha asili, ni kupanda zao lingine. Tusidanganyane kwa maneno matamu. Tena kufunga ziwa kwa amri tu, tumekwisha kuona mwaka 2001 nani hulipa. Mwenye mshahara hununua nyama. Mvuvi hukaa na njaa, au huingia majini usiku, na ziwa lile lina viboko ambao hawaulizi leseni.

Na yule wa pili naye aambiwe. Kapu akiachwa peke yake, hataendelea kuwa chakula cha maskini milele kwa rehema zake. Maji yakiharibika, yeye mwenyewe hudumaa, wakubwa hutoweka, na nyavu za matundu madogo huwamaliza wadogo pamoja na kila kitu kingine. Na pale mtoni Malewa, ndani ya chandarua, wako bado samaki wa asili hai. Hao hawajafa. Hao ndio wa kupigania.

Twapenda kueleza kidogo habari za nchi nyingine, kwa maana hatukuwa wa kwanza kupatwa. Huko Marekani, katika jimbo la Utah, liko ziwa liitwalo Utah Lake, kubwa kuliko Naivasha mara mbili au zaidi, lakini si la kina kirefu, nalo limezungukwa na mashamba na miji. Miaka ya 1880 serikali yao yenyewe ilitia kapu humo ili watu wapate chakula. Kapu akafanya huko yale yale: majani yakaisha, maji yakawa tope. Ziwa hilo lina samaki wake wa asili asiyepatikana mahali pengine popote duniani, aitwaye June sucker, kwa kuwa hupanda mto mwezi wa Juni kwenda kutaga. Kufikia mwaka 1986, alipowekwa chini ya ulinzi wa sheria, wakubwa waliobaki hawakufika 1,000.

Walifanya nini? Hawakufunga ziwa na kuwaambia wavuvi waende zao. Waliwalipa wavuvi. Tangu mwaka 2009 wavuvi wenye nyavu ndefu walipewa mkataba wa kutoa kapu, kwa kila ratili malipo yake, wakati wa baridi hata juu ya barafu, na kwa miaka iliyofuata walitoa tani kama 13,000. Huko watu hawapendi kula kapu, basi wengi walitupwa au wakafanywa mbolea. Wakati huo huo waliwalea vifaranga vya samaki wa asili mahali salama na kuwatia ziwani wakiwa wamekwisha kupata nguvu, na mdomo wa mto Provo, ambao zamani ulinyoshwa kama mfereji, wakautengeneza upya uwe na vinamasi ambamo vifaranga huweza kujificha. Majani yakaanza kurudi. Na mwanzo wa mwaka 2021 serikali ya Marekani ikamshusha samaki yule kutoka daraja la walio hatarini kuangamia mpaka daraja lisilo la kutisha sana. Kapu hawajaisha katika ziwa lile mpaka leo. Wamepunguzwa, na wale wengine wamepata nafasi.

Kule Tasmania, kisiwa cha Australia, walifanya zaidi. Kapu alipogunduliwa mwaka 1995 katika ziwa Crescent, walifunga njia za maji kwa vyuma vya wavu asitoke, wakazuia mahali pa kutagia, na wakawatia baadhi ya kapu madume kidude cha redio tumboni na kuwaachilia. Dume alipokwenda kujiunga na wenzake, watu walimfuata kwa kusikiliza redio, wakavua kundi zima. Jambo hilo liliwachekesha sana wenzetu wa shedi, wakasema ni kama mkubwa wa kazi anayemfuata mlevi ili ajue wanakokunywa wengine. Kapu wa mwisho wa ziwa hilo alitolewa mwaka 2007. Lakini Crescent ni ziwa dogo, la baridi, na halina mji pembeni. Naivasha si hivyo. Mtu akikuahidi kumaliza kapu wote wa Naivasha, mwulize kwanza kama amewahi kuona ziwa lenyewe.

Basi sisi twaomba nini? Twaomba kapu avuliwe kwa nguvu, na kuvuliwa kwake kuwe kazi. Si kazi ya kujificha na chandarua, ila kazi yenye leseni, yenye nyavu za matundu makubwa ambayo humwacha mdogo wa asili apite, na yenye bei iliyotangazwa pwani mbele ya kamati ya wavuvi. Sisi tuna bahati wasiyokuwa nayo watu wa Utah: hapa kapu huliwa. Gunia la kapu likifika Nakuru au Nairobi huuzwa, wala halitupwi. Kwa hiyo serikali ya kaunti na ile ya Nairobi hazihitaji kulipa kila kitu. Zinahitaji kulipa tofauti, ile sehemu inayomfanya mvuvi aone faida kumfuata kapu penye nyasi zilizozama kuliko kukwangua mdomo wa mto. Barafu na chumba cha baridi karibu na pwani vingemsaidia kuliko amri kumi. Na hapo vijana wanne wa Malewa wangepata jibu la swali lao.

Pamoja na hayo mto Malewa wenyewe uachwe. Hapo hatutaki nyavu kabisa, wala mdomoni pake penye mafunjo. Mafunjo yamekatwa na kuchomwa miaka mingi kwa ajili ya malisho na mashamba, na mahali yalipobaki ndipo samaki wadogo hujificha na tope la mto huchujwa kabla ya kufika ziwani. Mwenye bwawa la samaki huko juu alazimishwe kulijengea ukingo na kuweka wavu mahali maji yatokapo, na asipewe kapu tena kamwe. Sisi wa reli twajua kalvati moja iliyoziba yaweza kuondoa njia nzima. Ndivyo na bwawa moja lisilo na ukingo lilivyobadili ziwa zima.

Na kwa ajili ya Mungu, asiletwe samaki mwingine mpya. Twasikia mara kwa mara watu wakisema kitiwe hiki, kitiwe kile, kitakula kapu. Hiyo ndiyo hadithi ya bass tena. Mtu aliyemeza nzi akimeza buibui ili ale nzi, tumbo lake hatuliwekei dhamana.

Hapa Nakuru penyewe hatuna samaki wa asili wa kurudisha. Ziwa letu lilikuwa la magadi, nao wale wadogo waliolisha wayamba waliletwa kutoka Magadi tangu miaka ya 1950 ili wale mabuu ya mbu. Lakini kaskazini kwetu liko Baringo, na huko jambo ni tofauti kabisa, na twaona wanachama wengi hawajui. Ngege wa Baringo si mgeni. Ni wa pale pale, aina yake peke yake; Bibi Ethelwynn Trewavas, mtaalamu wa jumba la makumbusho la London, alimpa jina la Baringo mwaka 1983. Huyo amekuwa akipungua miaka mingi kwa tope linaloshuka kutoka malisho yaliyokwisha nyasi, kwa nyavu nyingi, na tangu miaka ya 1970 ana jirani mpya, kamongo, ambaye naye aliletwa na watu. Kama kuna samaki wa kurudishwa katika Bonde hili, ni huyu. Mbegu yake bado iko. Alelewe katika mabwawa ya huko huko na kurudishwa ziwani mwake, na asichanganywe na ngege wa Nile wa kununua, kwa maana ngege hawa huzaana wao kwa wao, na baada ya miaka michache utakuwa na samaki asiye wa Baringo wala wa mahali popote. Fedha kidogo zitumikazo kutia ngege wa nje Naivasha zingefanya kazi kubwa zaidi zikipelekwa Baringo.

Wako watakaosema chama cha wafanya kazi kiachie mambo haya wakubwa wa idara ya uvuvi. Twawaheshimu wataalamu; bila wao hata haya machache tusingeyajua. Lakini katika historia yote ya Naivasha tuliyoieleza, tangu mwaka 1925 mpaka leo, hatukuona mahali mvuvi au mfanya kazi alipoulizwa kabla ya samaki kutiwa, ila tuliona mara nyingi alivyofungiwa baadaye. Ndugu zetu wa mashamba ya maua wana chama chao. Wavuvi wana kamati zao za pwani, nyingine zina nguvu na nyingine ni jina tu. Sisi tuna reli ipitayo katikati ya wote. Tukikaa pamoja mara moja tu, watu wa maua, watu wa nyavu na watu wa reli, tutakuwa na sauti ambayo kaunti haitaweza kusema haikuisikia.

Kuna na jambo letu wenyewe, nalo si la kujisifu. Gengi likimaliza kazi karibu na mto, mafuta ya kutia kwenye vifaa na dawa ya kuua majani pembeni mwa njia mara nyingine huachwa yakimiminika mtoni. Tumeyafanya sisi, tumeona wenzetu wakiyafanya, na hakuna aliyetutuma. Hatuwezi kwenda kwa watu wa mabwawa kuwaambia wajenge kingo huku makopo yetu yakielea Malewa. Tumekwisha zungumza na msimamizi wa gengi, naye amekubali makopo yote yarudishwe stoo kwa hesabu kila jioni. Magengi mengine yatazame kwao.

Barua ya maombi kwa kaunti imekwisha andikwa, nayo ina mambo manne: kazi ya kuvua kapu kwa leseni na bei ya haki, kuachwa kwa mto Malewa na mafunjo yake, kukatazwa samaki wapya, na fedha za kulea ngege wa Baringo. Iko kwa katibu wa tawi, katika ofisi ya chama, mchana saa ya chakula na jioni baada ya saa kumi na moja. Walio safarini waweza kutia sahihi kwa karani wa zamu Naivasha. Yule mwenzetu aliyeuliza swali mkutanoni amekwisha tia yake, ni ya tatu kutoka juu.